Mwaka wa Maji ya Mifupa

Kwenye mazishi ya Jerusha maji yalikuwa ya chupa. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo nilicheka, na watu wakageuka kuniangalia, maana jeneza lilikuwa bado halijashushwa. Vijana walikuwa wanapita katikati ya viti vya plastiki na makatoni, kila mtu anawekewa mkononi chupa yake ndogo yenye karatasi ya buluu, imechorwa mlima wa theluji. Mimi nikaangalia ule mlima nikamwona Jerusha akiipindua hiyo chupa kichwa chini na kuuliza maji haya yamepitia wapi. Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila kitu. Maziwa yamepitia wapi, unga umepitia wapi, wewe mwenyewe jioni hii umepitia wapi. Kwa hivyo nikacheka, nikajifanya ni kikohozi. Binti yake Shiru akanisogelea akanipiga mgongo taratibu, akasema pole tata, ndivyo kwao wanavyomwita shangazi, huku mkono mwingine umefunika mdomo wake. Ule mkono niliujua. Ulikuwa mkono wa mama yake.

Shiru sikuwa nimemwona tangu akiwa mgongoni. Mama yake tulikutana mara moja moja sokoni Nakuru miaka yote hiyo, tunashikana, tunaulizana habari za magoti na watoto, lakini kuna jambo moja hakuwahi kunieleza na mimi sikuwahi kumuuliza. Mtu haulizi habari ya meno ya mtoto wa mwenzake. Utauliza masomo, utauliza kama ameolewa, meno utayaacha. Na mimi ndilo lilikuwa linanikaa rohoni kuliko yote.

Kama wewe si mtu wa huku, wacha nikueleze. Maji ya visima vya bondeni yana kitu ndani ambacho hukioni wala hukisikii kwa ulimi, wasomi wanakiita floraidi. Mtoto akikua anayanywa, meno yake ya ukubwa yanatoka kahawia. Mimi yangu ni kahawia, ya Jerusha yalikuwa kahawia. Ukienda Kakamega au Nyeri mtu anakuambia wewe ni wa Nakuru kabla hujafungua pochi kutoa kitambulisho. Wakati ule sisi hatukujua jina la hicho kitu. Tulisema tu ni maji, na ukishasema ni maji umemaliza, kwa sababu utakunywa nini kingine.

Mwaka ninaousema ni ule ambao Shiru alianza uji. Mimi na rafiki yangu Jerusha tulikuwa tunakaa chumba kimoja kule Kaptembwo, kwenye ploti ya vyumba vya mbao vilivyopangwa kama mabehewa. Bwana yake, Njoroge, alikuwa utingo wa lori la mbao, na siku nyingi alilala huko Elburgon na Molo. Akija, mimi nilihamia kwa jirani mpaka aondoke. Kitanda kilikuwa kimoja, kimeinuliwa na matofali ili masufuria yakae chini, na ukuta ulikuwa wa mbao za saiprasi zilizokauka zikaachana, kwa hivyo tulibandika magazeti. Gazeti linazuia macho, halizuii masikio wala pua. Upande wa pili alikaa Okelo na mke wake, watu wa kutoka Kisumu. Siku yao ya omena, wale dagaa wa ziwani, tuliijua, na wao walijua siku yetu ya kulalia chai ya rangi. Jerusha alikuwa akisikia kitu cha kuchekesha upande wa pili anacheka akiwa amefunika mdomo, hata kukiwa na giza na mimi peke yangu. Nilimuuliza siku moja anamficha nani. Akasema mkono umezoea, haungoji kutumwa. Halafu akamwangalia mtoto aliyelala, akasema, "Huyu sitaki mkono wake ujue hiyo kazi."

Mimi niliacha shule darasa la tatu, Jerusha alinipita kidogo, alifika la tano. Lakini kichwa chake kilikuwa cha kufungua vitu. Saa yetu ya mezani aliifungua ikafa. Siku nyingine alisaga maua ya zambarau ya mijakaranda ya barabarani, akatia ndimu kwa kikombe kimoja na magadi kwa kingine kuona rangi itaenda wapi, na tukakosa magadi ya kupikia. Na kulikuwa na jambo lililokuwa linamsumbua kuhusu Okelo. Okelo alikunywa kisima kile kile, pampu ile ile nyuma ya ploti, miaka mingi, na meno yake yalikuwa meupe kama ugali. Tena alikuwa anayaonesha makusudi. Jerusha akazunguka na hilo swali kama kuku na yai. Mwishowe akaniambia tukiosha nepi: Okelo alikuja hapa akiwa mtu mzima, meno yake yameshajengwa. Maji hayamshiki. Maji yanashika jengo likiwa bado linajengwa. Kwa hivyo meno ya ukubwa ya Shiru, ambayo sisi hatuyaoni, yanajengwa saa hii huko ndani ya ufizi, na kila kijiko cha uji ni fundi anaingia na rangi.

Nikamwambia basi tumpe maji ya mvua. Tulimpa ya mvua, mpaka mvua ikaisha. Kiangazi cha Nakuru unakijua kama umewahi kuanika nguo nyeupe huku: vumbi linatoka wapi hakuna anayejua, na mabati hayatoi tone.

Sasa ndio siku hiyo, tumekaa tunakula githeri, tukamsikia Okelo upande wa pili akimsimulia mke wake. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na huko mzee mmoja fundi alimwambia kwamba zamani, ng'ambo, sukari ya kahawia ilipitishwa kwenye makaa ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ikatoka nyeupe. Mke wake akamwambia asimharibie chai. Okelo akasema yeye anasema alichosikia, chai ni yake aendelee. Sisi huku vijiko vilikuwa vimesimama. Jerusha akaweka sahani chini, akagonga ubao, akamwita Okelo kwa jina la mtoto wake.

"Baba Akinyi. Hiyo mifupa ilichomwa ikawa nyeusi ama nyeupe?"

Upande wa pili kikombe kikawekwa chini. Halafu Okelo akasema, "Kwani nyinyi mnakula kwetu ama kwenu?"

Jerusha alimwambia ajibu kwanza. Okelo akasema alisikia makaa, na makaa ni meusi, lakini yeye hakuwa huko. Ndio kusema tulianza kazi na habari ya mtu aliyesikia kwa mtu aliyesikia.

Mifupa ilikuwa kazi yangu kuleta, kwa sababu nilikuwa naosha vyombo kwenye hoteli karibu na steji ya matatu, mahali pa supu na matumbo. Niliiweka kwa gunia, nikatembea nayo jioni, na mbwa wa Kaptembwo wakanijua kuliko watu wanavyonijua. Walinifuata nyuma kwa mstari kama wanafunzi. Wanaume wa kibanda cha sigara wakaanza kuniita mwalimu. Na kwa kweli ndiyo mara ya pekee nimeitwa hivyo.

Mara ya kwanza tulichoma kwa jiko, juu juu, mifupa ikawa nyeusi nje na ndani bado ina mafuta. Tukaiponda kwa jiwe, tukatoboa debe chini, tukatandika kitambaa, tukaweka mifupa, tukamimina maji. Yalitoka chini yakinuka supu. Mke wa Okelo alipita akauliza nani amechinja na hajaita watu. Jerusha aliyaonja, akafikiria, akasema yanakosa chumvi tu. Mara ya pili tulitaka kuua ile harufu, kwa hivyo tukachoma sana, moto wa kuni tangu asubuhi, mifupa ikawa myeupe kama chaki na ikapondeka kwa vidole. Maji yalipita yakatoka na ukungu na ladha ya majivu, na tulipopitisha chai ya rangi ili tuone, chai ilitoka chai. Hiyo ya kupitisha chai ilikuwa akili yangu, nisiache kujisifu. Nilisema kama kitu kinatoa kahawia ya sukari, kitoe ya chai tukiona kwa macho. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba chai haikuwa na uhusiano wowote na kile kitu cha majini, kile hakina rangi, ungeweza kuitoa rangi ya chai yote na kile kibaki. Lakini ndicho kipimo tulichokuwa nacho, na kipimo kibaya kinakufanya uangalie, kuliko kukosa.

Kilichotukomboa ni kwamba Jerusha alikulia karibu na msitu, na watu wao walichoma makaa. Mtu wa makaa haachi moto uonane na hewa. Anapanga magogo, anafunika na majani, anafunika na udongo, anaacha yaive yenyewe kwa ndani, na anasoma moshi: mweupe mzito ni maji yanatoka, ukianza kuwa mwembamba wa buluu unaziba. Jerusha akajaza mifupa kwa debe la mafuta ya kupikia, akafunga kifuniko kwa udongo wa kichuguu, akaacha tundu dogo, akalizika debe katikati ya moto nyuma ya ploti. Akakaa kwa kigoda na mtoto mgongoni akiangalia lile tundu kama mtu anayengoja barua. Moshi ukabadilika, akaziba. Tulipofungua siku ya pili, mifupa ilikuwa ya kijivu kuelekea nyeusi, ngumu, ukiigonganisha inalia kama vigae. Tukaiponda, tukaiosha, tukaiosha tena. Tukapitisha chai ya rangi na chini ya debe yakatoka maji ya rangi ya majani makavu, hafifu kabisa. Nilikunywa. Hayakuwa chai, hayakuwa supu. Jerusha alicheka na safari hiyo mkono ulichelewa kufika.

Mimi lakini nilikuwa na ubishi. Nikachukua makaa ya kawaida ya dukani, nikayaponda, nikapitisha chai, nayo ikapungua rangi, si sana lakini ikapungua. Nikamwambia Jerusha, mama, kwa nini tunukishe mifupa na majirani wanatuangalia vibaya, na makaa yapo? Alichonijibu nakikumbuka mpaka leo, na wakati ule nilikiona kama maneno ya kushinda ubishi tu. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, akasema bila kuinua kichwa:

"Tabitha, meno ni mfupa. Hicho kitu kinatafuta mfupa. Kipe mfupa njiani, kishibe kabla hakijafika kwa mtoto."

Miaka mingi baadaye kijana mmoja wa mambo ya maji alikuja kanisani kwetu kutuonesha ndoo zenye mifupa iliyochomwa, akaeleza jinsi floraidi inavyoshikamana na mfupa. Nilikaa nyuma nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwuliza tu wao wanaziba moshi ukiwa rangi gani. Alisema wana tanuri lenye kipimo cha joto. Nikasema ni vizuri.

Tulikaa na lile debe karibu na mlango, juu ya kigoda, na sufuria chini yake, tone, tone. Sauti hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu baada ya ile nyingine kufa. Maji ya debe yalikuwa ya Shiru peke yake, ya uji na ya kunywa na ya kumpikia viazi. Sisi wakubwa tulikunywa ya pampu, kwa nini tuyapoteze, jengo letu lilishaisha. Mifupa ikikaa sana tuliibadilisha, hatukujua inachoka lini, Jerusha aliibadilisha kila mwezi ulipoandama ili tu asisahau. Mama mwenye ploti alikuja akiwa na mwanamke mwingine wa maombi, maana ilikuwa imesemekana kuna watu wanachoma mifupa na haijulikani ni ya nini. Jerusha aliwaketisha kitandani, akawafunulia debe, akawapa kikombe. Mama mwenye ploti akanywa kama anayekunywa dawa. Akauliza ni ng'ombe kweli? Jerusha akamwambia ni wale wale aliokula Jumapili kwenye hoteli ninakoosha vyombo, labda mmoja anamfahamu. Yule wa maombi ndiye alicheka kwanza.

Njoroge ndiye hakucheka. Alikuja siku moja akakuta mtoto anahara. Sasa mtoto wa umri ule akitoa meno ya utoto anahara, akilamba udongo anahara, lakini baba akiona debe la mifupa hatafuti sababu nyingine. Alisema amekuwa anasikia njiani kwamba mke wake anamnywesha mtoto mifupa na alikuwa amekataa kuamini. Jerusha akamweleza habari ya jengo na fundi na rangi. Alieleza vizuri, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nguo zangu tayari kwenda kwa jirani. Njoroge akasikiliza yote, halafu akasema na yeye ana meno ya kahawia, na mama yake, na wamekula na hayo meno na kuoa na hayo meno, ni nini mbaya. Akalibeba debe akalimwaga nje. Mbwa wakaja mbio, ule mstari wangu wote, wakanusa, wakaangaliana, wakaondoka. Okelo alikuwa amekaa kwa mlango wake. Akasema, "Ndugu yangu, hata mbwa wamethibitisha hakuna nyama." Njoroge alijaribu kubaki na hasira, akashindwa. Mtoto alipona siku ile ya tatu ya maji ya chumvi na sukari, na Jerusha hakungoja ruhusa, alizoa ile mifupa kutoka mchangani, akaiosha, akairudisha. Njoroge aliliona debe pale pale na akalipita kama mtu anayempita mkwe barabarani, kwa heshima na bila kulitazama.

Hivyo tulienda mpaka Shiru akatembea, akaanza kusema maneno, na neno lake la tatu baada ya mama na maji lilikuwa tone. Halafu Njoroge akapata kazi kule Olkaria, ya kuvuta mabomba ya mvuke wa kutengeneza umeme, kazi ya kudumu, na nyumba ya kukaa na familia. Alikuja na lori kuwachukua. Vitu vyao vilikuwa vichache, nilivipandisha mwenyewe. Nikapandisha na debe. Njoroge akalishusha, si kwa ukali, akaniambia, "Shemeji, huko kuna bomba mpaka ndani ya nyumba. Nikifika na debe la mifupa hata sijajuana na watu, wataniita nani?" Nikamwangalia Jerusha. Jerusha aliangalia debe, akamwangalia bwana yake aliyekuwa amevaa shati jipya la kazi, na nikaona amechoka kushinda vita vidogo vidogo. Akasema atatengeneza lingine akifika. Akaliweka mlangoni kwangu na mikono miwili, vile unavyoweka mtoto aliyelala.

Hakutengeneza. Hilo nililijua kwa sababu siku ya kwanza tuliyokutana sokoni baadaye, alianza kunisifia lile bomba, linavyong'aa, maji yanavyokuja na nguvu, na jinsi lazima wenye kazi kubwa kama ile wawe wameyasafisha. Yeye, mtu wa kuuliza maji yamepitia wapi. Nilitaka kumuuliza, nikaona ameshika kitambaa cha mtoto mwingine mchanga, nikauliza bei ya vitunguu.

Basi siku ya mazishi huko Kiamunyi, walikokuja kujenga baadaye, watu walipokwisha kula na wengi kuondoka, Shiru alinipeleka nyuma ya nyumba kuona kaburi vizuri, karibu na tangi la maji la mama yake. Ni mama wa watu wazima sasa. Akaniambia mama alikuwa akinitaja, Tabitha wa mifupa, na kila akimuuliza mifupa gani, mama anasema nitakuambia, kisha anabadilisha maneno. Nikamwambia nitakuambia mimi. Nikamwambia kama nilivyoandika hapa, na ya mbwa nikaongeza kidogo. Nilipofika kwa Okelo alicheka, na mkono ukaenda mdomoni. Nikaushika ule mkono. Nikamwomba anioneshe, nikaomba kama mtu anayeomba kuona kidonda, maana ningekubali lolote, nilikuwa nimengoja miaka mingi kujua kama tulichoma mifupa ya bure.

Akafungua mdomo. Juu, karibu na ufizi, meno ya mbele yalikuwa kahawia, ya Nakuru kabisa, kama yangu. Chini, kwenye makali, yalikuwa meupe. Meupe ya Okelo. Na katikati palikuwa na mstari, umepita kwenye meno yote manne kwa pamoja kama mtu amepiga rula.

Akaniambia ule mstari ndio umemfanya ajifunike zaidi ya mama. Shuleni walimwita punda milia. Wadogo zake wote waliozaliwa Olkaria meno yao ni rangi moja, kahawia tupu, wamezoea, wanacheka, yeye tu ndiye nusu kwa nusu, na daktari wa meno alishamwambia anaweza kuyafunika yote yawe sawa, alikuwa amepanga aende baada ya matanga. Hakuna aliyewahi kumwambia ulitoka wapi. Nikamweleza kwamba jino linajengwa kuanzia makali, linapanda kwenda juu, kama mama yake alivyosema kuhusu jengo. Hayo makali yalijengwa kwenye kigoda chetu, mlangoni, Kaptembwo.

Shiru akatoa simu, akaigeuza imwangalie, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Alikaa hivyo muda mrefu, kaburi la mama yake liko nyuma yake ndani ya hicho kioo. Akaweka ncha ya ukucha kwenye jino, kwenye weupe, akauteremsha mpaka mwisho, akaurudisha juu polepole mpaka ukafika kwenye mstari, akausimamisha hapo.

"Tata," akasema, "kwa hivyo hapa ndipo lori lilikuja."

Nikamwambia ndiyo, hapo.